Tairi gumu si lazima liwe la kasi

Miaka yangu ya mwanzo ya mbio za muda za baiskeli, zile za kilomita 16 ambapo kila mtu anaondoka peke yake kupambana na saa, nilikuwa na imani moja tu kuhusu tairi: ukiligonga kwa kidole lilie kama ngoma iliyowambwa. Nilitumia tairi la milimita 23, ubavuni limeandikwa mwisho PSI 145 (PSI ni kipimo cha presha ya upepo ndani ya tairi). Nilipiga pampu hadi 130, nikajiona mtu mwenye busara kwa kuwa nimebakiza kidogo. Uzito wangu ni kilo 72.

Kilichonitoa kwenye imani hiyo ni barabara yenye lami kuukuu, ile ambayo kokoto zake zimeanza kuchomoza. Nimelala juu ya hendeli za mbele, viwiko kwenye pedi, na kufika kilomita ya nne sikuweza tena kusoma namba kwenye kompyuta ya baiskeli kwa jinsi zilivyotetemeka. Lakini moyoni nilikuwa na furaha, maana sijawahi kujisikia nina kasi kama siku ile. Mwisho wa safari wati, yaani nguvu ninayosukuma kwenye pedali, zilikuwa zilezile za kawaida yangu, ila nimechelewa sekunde 20 na ushee. Na hewa ilikuwa imetulia, kwa hiyo hata upepo sikuweza kuusingizia.

Mtetemeko unadanganya. Mwili unausoma kama kasi, kumbe ndiyo nguvu yenyewe inavuja.

Tairi likibonyea pale linapogusa barabara, mpira na nyuzi zake hujikunja na kujikunjua, na sehemu ya nguvu yako hugeuka joto. Ukiongeza upepo ndani ya tairi, kubonyea kunapungua na hasara inapungua. Wengi wetu tuliishia hapo. Kinachosahaulika ni kwamba tairi lisilobonyea halimezi kokoto, linaipanda. Baiskeli inarushwa juu kidogo, na wewe pamoja nayo, tena na tena kwa kila mita, na jasho lililopaswa kukusogeza mbele linaishia kutikisa nyama za mapaja na mabega. Kwenye mbao laini za uwanja wa ndani jambo hili halipo. Mwendesha baiskeli Mwitaliano Filippo Ganna alipokwenda kilomita 56.792 ndani ya saa moja kwenye uwanja wa Grenchen, Uswisi, mwaka 2022, chini yake hapakuwa na kokoto hata moja. Barabara yako haiko hivyo.

Kwa hiyo kila barabara ina kiwango chake, na kiwango hicho hakina pande mbili zinazolingana. Ukiwa chini yake kwa PSI 10, unapoteza kidogo sana. Ukikipita kwa PSI 10 kwenye lami mbaya, hasara inapanda kwa haraka. Ukiwa na shaka, kosea kwa upande wa chini, mradi tu usishuke hadi rimu ikabana tyubu kwenye shimo ukapata pancha ya matundu mawili.

Tusidanganyane lakini. Kwa mtu na baiskeli wenye jumla ya kilo 80, wakienda kilomita 40 kwa saa kwa tairi zuri, msuguano wa matairi unakula takriban wati 35. Hewa mbele yako inakula zaidi ya hapo mara kadhaa. Presha sahihi itakuokolea wati chache. Kwenye mbio ya dakika 25 zinatosha kuonekana, ila hazitageuza paka kuwa chui.

Mimi kiwango changu nilikipata kwa kupima. Nilichagua kipande cha barabara kinachofanana na cha mbio, asubuhi hewa ikiwa imetulia, nikaenda na kurudi kwa wati zilezile na mkao uleule: kwanza 110, kisha 80, kisha 95, halafu 110 tena. Kipimo hicho cha mwisho cha kurudia 110 usikiache. Kikitoa muda tofauti na cha kwanza, ujue hali ya hewa imebadilika au umechoka, na kipimo chote hakina maana. Kwa tairi la milimita 25 niliishia 85 nyuma na 82 mbele. Tofauti ni ndogo kwa sababu ukilala kwenye hendeli uzito mwingi unahamia mbele, si kama ulivyokaa kawaida. Lami mpya naongeza 5, mvua ikinyesha napunguza 5.

Angalia rimu pia. Zile ambazo ukingo wake hauna kulabu ya kushika tairi, mwisho wake ni bar 5, yaani PSI 72, hata tairi liseme vingine. Na usifunge tairi linalotokeza nje ya rimu kwa upana. Unachookoa chini kwenye lami utakilipa kwa ukinzani wa hewa.

Tumia pampu moja siku zote. Geji hudanganya, ila ya kwako inadanganya vilevile kila siku. Baiskeli iegeshwe kivulini, maana joto likipanda nyuzi 10 tu, tairi la PSI 85 linaongezeka zaidi ya PSI 3. Wenye tyubu za lateksi wapige upepo asubuhi hiyohiyo, kwa sababu zinavuja usiku kucha.

Kisha usiguse tena. Safari moja, dakika sita kabla ya kuitwa, wasiwasi ulinishika nikataka kuongeza kidogo. Nilipong'oa kichwa cha pampu kwa pupa kikatoka na kiini cha vali, na upepo wote ukaondoka kwa pumzi moja. Nilikirudisha kwa vidole, nikapiga pampu ya mkononi isiyo na geji, nikakisia kwa kidole gumba na kukimbilia mstarini. Siku hiyo nilifanya muda wangu bora wa mwaka. Nilipofika nikapima tairi: 76.