Ukuta wa chokaa usiuvike nailoni

Kanisa letu hapa Tanga ni la mawe ya matumbawe na chokaa, tena liko jirani na bahari, kusi ikivuma chumvi yote inaishia ukutani. Miaka kadhaa iliyopita, sisi wa kamati ya ujenzi tulilipaka rangi ya plastiki inayong'aa. Misimu miwili ya masika haikuisha, rangi ikafura malengelenge. Ukibonyeza, maji yanatoka. Nyuma yake lipu imekuwa unga.

Kuta za zamani hazina karatasi ya kuzuia unyevu pale msingini. Maji hupanda toka ardhini na kutokea usoni mwa ukuta. Ukiyazibia njia, chumvi huganda nyuma ya rangi na kuipasua lipu. Kiraka cha saruji nacho hufanya vivyo hivyo. Nendeni Tongoni mkaone magofu: karne na karne, matumbawe na chokaa tu.

Safari hii tumetumia rangi ya madini, ile ya silikati, ambayo Adolf Wilhelm Keim aliipatia hataza Ujerumani mwaka 1878. Haikai juu ya lipu kama ngozi. Silikati ya potasiamu hushikana na chokaa na mchanga vikawa kitu kimoja, na mvuke bado unapita. Someni maelezo ya kopo kabla ya kulipa: kwa kipimo cha Ujerumani, DIN 18363, viungo visivyo vya madini visizidi asilimia 5.

Kazi yenyewe hasa ni kubandua. Tulianza na gata lililotoboka, maana bila hilo tungekuwa tunajisumbua bure. Kisha mafundi wakakwangua rangi kwa skrepa na brashi ngumu, shubiri kwa shubiri. Mashine ya msasa niliikataa, matumbawe ni laini, inayatafuna. Mkidhani mmemaliza, rushieni maji. Yakinywewa, ukuta uko tayari; yakiteleza kama juu ya jani la mgomba, plastiki bado ipo na silikati haitashika. Viraka vya saruji tuling'oa, tukapiga lipu ya chokaa na kuiacha wiki nne ikomae, siku za mwanzo tukiinyunyizia maji.

Pakeni baada ya masika, mkifuata kivuli: magharibi asubuhi, mashariki mchana. Kati ya mkono na mkono wa rangi, acheni saa 12. Vaeni miwani, na funikeni kila kioo, kwani silikati inakila na haifutiki. Kidirisha kimoja cha vioo vya rangi kiliharibika mikononi mwetu, na mpaka leo kinaniuma.

Fedha ikipungua, msirudi kwenye plastiki. Zimeni chokaa, yaani ichanganyeni na maji, ichujeni, iwe nyepesi kama maziwa, lowesheni ukuta kwanza, kisha pakeni mikono mitano myembamba. Itabidi kurudia baada ya miaka michache. Ukuta wa sakristia tumeupaka hivyo, vijana wa parokia wenyewe wakishika brashi, na masika iliyopita ulilowa ukakauka bila lengelenge hata moja.