Barua kwa mwanangu Zuhura: ile hukumu ya tatu

Mwanangu Zuhura,

Sisi hapa Ngamiani hatujambo, ila mguu wa mama yako unalalamika mvua zikija. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unauliza uhamie ile kampuni ya Edinburgh, ukafanye mikataba na mauzo ya majumba, au ubaki Glasgow na kesi zako za jinai za msaada wa kisheria. Halafu chini kabisa, kama mtu aliyekumbuka kufunga dirisha, ukaongeza kwamba Bunge la Uskoti limepitisha sheria Septemba 2025 ya kuifuta hukumu ya "haikuthibitika", ile ya tatu kando ya "ana hatia" na "hana hatia", na kwamba kumtia mtu hatiani sasa kunataka watu 10 kati ya 15 wa juri, wale raia wa kawaida wanaoamua kesi, si 8 tena. Wewe unataka jibu la swali la juu. Lililoninyima usingizi ni hilo la chini.

Unaikumbuka ile bahasha ya mahakama ya kuniita kwenye juri, iliyokuja tukikaa Govanhill, Glasgow, mama yako akadhani nimegonga mtu na basi? Nilipompigia babu yako alicheka sana. Yeye alikuwa mzee wa baraza Mahakama Kuu hapa Tanga, na maoni yao jaji hakulazimika kuyafuata. "Ina maana huko mnaamua wenyewe?" Tunaamua wenyewe, baba, watu 15, na dereva wa basi ni mmoja wao.

Karani alichota majina yetu kwenye bakuli la kioo, vikaratasi vimekunjwa kama kura ya upatu. Jaji wao wanamwita sherifu. Nilitafuta bastola kiunoni, sikuiona. Mshtakiwa kijana wa miaka 20 hivi, inadaiwa alimvunja mtu taya nje ya baa. Aliyemtetea alikuwa solisita, wakili kama wewe, joho limepauka mabegani, kisigino cha kiatu kimeliwa upande mmoja. Kila sherifu aliponyanyuka kwenda kupumzika, yule bwana hakwenda kunywa kahawa. Alikifuata kizimba, akainama, akamweleza kijana kilichosemwa, polepole, kama unavyomweleza mgonjwa dozi yake. Nimekuambia tangu hujajua kusoma: mtu hasimami mbele ya hakimu peke yake.

Saa ya chakula nilikwenda Msikiti Mkuu, si unajua ni hatua chache tu kutoka pale mahakamani, nikaswali adhuhuri nikaomba nisimdhulumu mtu. Nilirudi sijui zaidi ya nilivyoondoka.

Tuliyosema ndani ya chumba cha juri sikwambii, wala kura yangu. Wewe mwenyewe ulinionya kwamba ni kosa. Lakini hukumu ilisomwa hadharani: haikuthibitika, kwa wingi wa kura. Kijana akaachiwa kama anavyoachiwa asiye na hatia. Basi mama yake, aliyekaa viti vya nyuma, akauliza kwa sauti ukumbi mzima ukasikia, "Kwa hiyo wanasema alifanya au hakufanya?" Sisi 15 tukatazama sakafu. Ni yule solisita aliyekwenda kukaa kando yake, joho bado mwilini.

Miezi minne baadaye, niko zamu ya jioni Victoria Road, kijana akapanda basi langu. Akatia sarafu, akanitazama. Sijui alinijua au aliona dereva tu. Aliposhuka akasema "ahsante, dereva", kama wasemavyo wote Glasgow, na mimi nikashindwa kumjibu. Miaka yote hii, Zuhura, sijawahi kuacha kumjibu abiria mwingine. Tungesema hana hatia, ningemjibu. Lakini tulimpa kitu cha katikati, kama nguo iliyoanuliwa ingali mbichi, akatembea nayo mjini.

Kwa hiyo wamefanya vyema kuifuta. Hapana, ngoja. Na yule aliyevunjwa taya? Nilikuwa nikijipa moyo kwamba neno lile angalau halikumwita mwongo. Sasa juri yenye shaka itasema "hana hatia", naye atalisikia vipi? Lakini hapo hapo unaniandikia kwamba walioumizwa ndio waliopiga kelele zaidi lifutwe. Basi labda nilikuwa nikijipa moyo mimi, si yeye. Na hizo kura 10 ni za kumfidia mshtakiwa aliyezibiwa mlango, hilo nimelielewa. Mengine utanieleza, wewe ndiye uliyesoma.

Haya, swali lako, usinune. Najua malipo ya msaada wa kisheria ni haba, wenzako wanaacha mmoja mmoja, na simu ya kituo cha polisi inakuita saa nane usiku. Najua pia kwamba bila yule mama solisita aliyegundua deni la ukarabati wa paa, ile flati yetu tungeinunua pamoja na madeni ya watu. Mlikula pilau siku ile kwa sababu ya mtu wa hati, si mtu wa jinai. Kwa hiyo usiniambie baba anadharau kazi ya Edinburgh. Siidharau. Nasema tu kwamba mwenye nyumba ya kuuza hakosi wa kumpokea simu, na mtu hasimami... basi, umeshanisikia.

Hukumu sikupi. Ninayo, mama yako anaijua, na nimemkataza asiitoe. Atakupigia Jumapili baada ya Isha. Ukisikia anaanza na habari za upepo wa Edinburgh na kodi ya nyumba zake, ujue amenisaliti.

Baba yako