Kuunga, kubandika, kuganda, kushibana: kipi kitumike wapi?

Swali: Ni sahihi kusema “Fundi ameunganisha bomba lililokatika”, “Karatasi imeshikamana ukutani” na “Mama ameungana na mtoto wake mchanga”?

Jibu: Sentensi ya kwanza inaeleweka, ila kitenzi chake hasa ni kuunga. Kitu kimoja kilichokatika au kilichopungua urefu huungwa: kamba, mfupa, bomba. Vitu viwili vyenye ukamilifu wake, vikiwekewa njia ya kufikiana, huunganishwa: vijiji viwili kwa barabara, kompyuta na printa. Fundi akitumia moto wa kuyeyusha chuma chenyewe, sema amechomelea. Akiunga waya kwa madini laini yaliyoyeyushwa, amelehemu.

Ya pili ina kasoro ya umbo. Shikamana ina kiambishi -an-, nacho kinadai pande mbili. “Karatasi mbili zimeshikamana” ni sawa, na “karatasi imeshikamana na ukuta” pia ni sawa. Ukiiondoa hiyo “na”, sentensi inabaki na upande mmoja. Kama kuna mtu aliyeiweka hapo, sema imebandikwa. Kama imenasa yenyewe kwa unyevu au gundi iliyomwagika, imeganda.

Hapa kuna kipimo kizuri: jaribu kukigeuza kitenzi. Bandika huzaa bandua, ganda huzaa gandua, funga huzaa fungua. Vitenzi hivi vinakubali kutenduliwa kwa sababu kilichobandikwa bado kina mipaka yake. Unga hakina kinyume cha namna hiyo. Ungua ni kuteketea kwa moto, hakihusiani nacho. Kilichoungwa kimekuwa kimoja, na ukitaka kukiachanisha lazima useme kukata au kutenganisha.

Sentensi ya tatu ndiyo inayopotosha zaidi. “Mama ameungana na mtoto wake” msomaji ataelewa kwamba walikuwa mbali, sasa wamekutana tena. Kwa ukaribu unaojengeka siku hadi siku Kiswahili kina zoeana, na ukishakomaa, shibana: marafiki walioshibana, ndugu walioshibana. Kwa mama na kichanga, andika “wameanza kuzoeana”. Tahadhari na “mtoto amemganda mama yake”: mara nyingi kauli hiyo hubeba lawama kidogo, kwamba mtoto hataki kuachia. Shikamana nacho kinafaa kwa watu, lakini zaidi kwa kundi linalosimama pamoja wakati wa shida, na ndiyo maana tunasema mshikamano wa wafanyakazi.