Usiache mshahara, na andika nyuma ya picha

Kila mitihani ya kidato cha nne inapoisha, simu yangu hujaa ujumbe wa namna moja: "Mwalimu, nataka kuwa mchoraji wa kweli, nianzie wapi?" Wengine wameshaamua kuacha kazi walizonazo na wanataka baraka tu. Mimi nafundisha sanaa hapa Unguja asubuhi, alasiri nachora katika chumba cha uani nyumbani, na baraka hizo sizitoi. Badala yake huwauliza kama wanamjua mchoraji Lubaina Himid. Wengi hawamjui, ingawa kazaliwa hapahapa, mwaka 1954.

Baba yake alifariki kwa malaria yeye akiwa bado mchanga, mama yake, mbunifu wa vitambaa, akarudi naye Uingereza. Kule akasomea usanifu wa jukwaa la maigizo, kisha akageukia uchoraji. Mwaka 2017 alipata Tuzo ya Turner, kubwa kuliko zote za sanaa Uingereza, akiwa na miaka 63. Kwa miaka mingi kabla ya hapo tuzo hiyo haikumpokea msanii aliyefikisha miaka 50. Sharti liliondolewa mwaka uleule alioshinda, na akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuichukua. Vijana wakisikia hivyo wanashangilia tuzo. Mimi nataka watazame miaka thelathini na kitu iliyotangulia, maana humo ndimo mna la kujifunza.

Sehemu kubwa ya miaka hiyo alikuwa mwalimu. Alifundisha chuo kikuu Preston, mji wa kaskazini mwa Uingereza ulio mbali na maghala ya sanaa ya London, yaani kumbi za kuonesha na kuuza picha, hadi akawa profesa. Mshahara ulikuwepo, kwa hiyo kazi ambayo haikununuliwa mwaka huu iliweza kusubiri mwaka mwingine.

Mshahara wangu si wa profesa, lakini hunipa uwezo wa kukataa. Mwenye duka mmoja wa Mji Mkongwe aliwahi kunitaka nimchoree milango ya Zanzibar kila wiki, ukubwa mmoja, machweo yaleyale nyuma. Nikakataa. Sina dharau na milango. Nina wenzangu wanaosomesha watoto kwa milango na kwa Wamasai warefu wembamba, nami huichora wageni wakijaa, Julai mpaka Septemba. Tatizo ni masika. Aprili wageni hawapo, nusu ya maduka yamefungwa, na mchoraji anayelitegemea duka peke yake huanza kuuza chini ya gharama ya rangi. Mimi masika ndiyo huchora yangu. Kwa hiyo, mwanangu, tafuta kazi itakayokuachia nusu siku na akili yenye nafasi: mabango ya maduka, mapambo ya harusi, ushonaji, ualimu. Ulinzi wa usiku hapana. Nimeona vipaji viwili vitatu vikizimwa na usingizi.

Halafu vifaa. Watu hunilalamikia kwamba kanvasi nzuri hazipatikani, na zikipatikana ni ghali. Himid mwaka 2007 alichukua sahani, mabakuli na mabirika makuukuu, vyombo mia, akavichora juu na kuvionesha Lancaster, mji wa bandari uliotajirika kwa biashara ya watumwa. Amechora kwenye kurasa za magazeti, kwenye plaiwudi, na amechora vitambaa vyenye umbo la kanga, pindo, mji na msemo wa kanga chini. Kanga, jamani! Sisi tunazo kabatini. Ukitaka kuchora juu ya kanga mpya, ifue kwanza mpaka wanga utoke wote, la sivyo rangi itabanduka. Iwambe kwenye fremu, ipake mikono miwili ya rangi nyeupe ya ukutani iliyochanganywa na gundi ya mbao, iache ikauke kivulini. Na usiegemeze picha kwenye kuta zetu za mawe na chokaa. Zina chumvi na unyevu, ukungu utaimaliza.

Lakini jambo ninalomhusudu zaidi kwake ni kwamba hakungoja kualikwa. Mwaka 1983 alikusanya wenzake wakafanya maonesho Africa Centre, London, wasanii watano, wote wanawake weusi. Mwaka 1985 akaandaa mengine ICA, taasisi ya sanaa za kisasa ya London yenye jina kubwa, ya wasanii kumi na mmoja. Wakapewa ukumbi? Walipewa ukorido. Wakautumia ukorido. Sasa fuatilia wale ambao kazi zao zilitundikwa pale: Sonia Boyce alishinda Simba wa Dhahabu, tuzo ya juu ya maonesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia, mwaka 2022, Veronica Ryan akapata Turner mwaka huohuo. Himid mwenyewe aliteuliwa kuiwakilisha Uingereza Venice mwaka 2026.

Sisi pia tumejaribu, kwa kadiri yetu. Mwenzetu mmoja alitupa baraza ya nyumba yao kwa wikiendi, tukachangishana pesa za misumari, taa na kahawa, kila mtu akaleta picha tatu. Hatukuuza nyingi. Ila watu wa mtaani, ambao hawajawahi kupandisha mguu ghalani, walikaa na kubishana kuhusu picha mpaka adhana ya isha. Nenda kwa wenzako kabla hujaenda kwa mwenye ghala, na mchukue hata yule anayekushinda kuchora. Huyo hasa.

La mwisho linawachosha vijana, nami ndilo ninaloling'ang'ania. Mwaka 2004 Himid alitengeneza watu mia wa plaiwudi, kimo cha mtu kamili, wakiwakilisha Waafrika waliotumikishwa katika majumba ya kifalme ya Ulaya: wapiga ngoma, washona viatu, wachora ramani, waganga wa mitishamba. Kila mmoja ana maandishi mgongoni: jina lake halisi, jina alilobandikwa na bwana wake, kazi aliyokuwa akiifanya kwao na anayofanyishwa sasa. Hukohuko Preston ameweka hazina ya kumbukumbu za wasanii weusi, vipeperushi, picha na barua ambazo taasisi kubwa hazikujishughulisha kuzitunza.

Picha ngapi za wachoraji wetu wa zamani zimetundikwa Ulaya bila jina wala mwaka? Geuza picha yako kabla haijatoka mlangoni: jina kamili, mwaka, mahali, vipimo, vifaa. Ipige picha mchana, nje, bila kioo. Katika daftari andika nani kaichukua na kwa shilingi ngapi. Hifadhi vipeperushi vyako na vya wenzako. Na ikienda dukani kwa mali kauli, andikeni nakala mbili zenye bei yako, asilimia ya duka na tarehe ya kurudishwa, kila mmoja atie sahihi. Mwenye duka akikwambia ninyi ni ndugu, hamwezi kuandikiana, mshukuru, ichukue picha yako na uondoke nayo.