Mnazindua mfumo mpya wa matokeo na kuzima wa zamani siku hiyohiyo? Mkuu, USIZIME

Mkuu umeuliza mambo matatu, wahadhiri washirikishwe vipi, kamati iwe na akina nani na mabadiliko yatadumu vipi, ila mimi nimekwama pale uliposema mfumo wa zamani unafungwa siku ya uzinduzi "ili watu wasirudi nyuma". Hiyo sentensi naijua, niliwahi kuiandika kwenye waraka nikiwa katibu wa kamati, tena nikajiona nimeandika kitu cha maana.

Kilichotukuta ni hiki. UE, mitihani ya mwisho wa muhula, imeisha, maksi zimeingizwa, kumbe mfumo mpya unapandisha desimali na wa zamani ulikuwa unakata tu. Yaani GPA ya 4.36 ambayo kwetu miaka yote ni 4.3, apa sekondi (daraja la pili la juu), ikasomeka 4.4, festi klasi hiyo. Vijana wakasherehekea mpaka bodi ya kitivo ilipokuja kushtuka ikarudisha kila kitu. Hapo bado wanaorudia masomo ya mtaala wa zamani, kodi (code) za masomo yao mfumo haujawahi kuzisikia, na walioahirisha mwaka wakaonekana wamedisko, yaani wameondolewa chuo. Haya, tulinganishe na mfumo wa zamani... umezimwa, seva imeshapewa kazi nyingine! Tukarudi kwenye Eksel za wahadhiri, flashi zimejaa virusi, na majalada ya mama mmoja wa ofisi ya mitihani ambaye hatukumwita hata kikao kimoja na ndiye aliyekuwa na sheria zote zile kichwani. Seneti ikasogezwa mbele, matokeo hayajaenda Bodi ya Mikopo, bumu, ile hela ya kujikimu, la wanaoendelea halitoki. Sasa kamweleze kijana mwenye njaa habari za "safari ya mabadiliko".

Na konsaltanti wetu, aisee. Alikuja na hatua nane za Kotter, yule profesa wa Harvard wa mambo ya kuongoza mabadiliko, slaidi zinang'aa. Kotter alikuwa anaangalia makampuni, huko bosi akisema imepita imepita, chuoni maksi zinapita idara, kitivo, Seneti, na kila mlango una mtu wa kusema hapana. Halafu Kotter huyohuyo kaonya watu wasitangaze ushindi mapema, sijui hiyo slaidi ililiwa na nani. Invoisi yake sasa, haikukosea hata desimali.

Kwa hiyo mifumo yote miwili iende pamoja mpaka matokeo ya mwaka mzima, na sapu zake (mitihani ya marudio), yapite Seneti kwa kutumia mpya, na afisa mitihani wa kila idara alinganishe mwenyewe na asaini. Ndiyo, ni kazi mara mbili, wahusika watalalamika, walipeni overtaimu. Hela ya kapelo na keki ya uzinduzi ihamie huko.

Kamati weka unaowataka, ila mtu wa ofisi ya mitihani awemo, na simaanishi mkurugenzi, namaanisha anayechapa.

Waraka umeshasainiwa au bado? Kama bado, ifute hiyo aya leo.