Namna ya Kukagua Zana za Trekta za Bei Nafuu Kabla ya Kulipa

Zana ya trekta inayouzwa kwa bei iliyo chini sana ya bei za wenzake imepunguziwa kitu mahali fulani, na kazi ya mnunuzi ni kukitafuta kitu hicho kabla hajatoa fedha. Ikiwa kilichopunguzwa ni rangi, jina la kiwanda au kingo ambazo hazikusuguliwa vizuri, mnunuzi hana hasara, kwa sababu vitu hivyo havilimi. Ikiwa ni unene wa fremu, ugumu wa sahani za kulimia au aina ya beringi, punguzo hilo atalirudisha kidogo kidogo kwa fundi, tena katika wiki zile ambazo mvua imeshashika na kila mwenye shamba anataka trekta lifike kwake leo.

Ninalima na kukodisha trekta katika mbuga za udongo mweusi za Dumila, wilayani Kilosa, na wakulima wenzangu wamezoea kuniomba niwasindikize wanapokwenda kununua plau, haro (zana ya sahani ya kuvunja mabonge baada ya kulima) au tela. Sina ugomvi na zana za bei nafuu. Nyingi ninazozitumia ni za aina hiyo. Namna yangu ya kuzikagua ni kuifuata nguvu inakopita. Trekta huvuta kwa pini, pini huvuta fremu, fremu huvuta miguu ya sahani, miguu hiyo hushika habu, yaani vitovu ambavyo sahani huzungukia, zenye beringi, na sahani ndizo zinazokutana na udongo. Ninaanzia kwenye pini na kuishia kwenye ukingo wa sahani, nikiinama zaidi pale ambapo kipande kimoja kinakabidhi mzigo kwa kingine. Vifaa ninavyobeba ni tupa ndogo, futi kamba, kalipa ya kupimia kipenyo na unene, tochi na kitambaa cha kufutia grisi.

Kwenye pini napima kipenyo. Matrekta mengi ya nguvu farasi 50 na kuendelea hutumia viungio vya kufungia zana vya daraja la pili, ambavyo pini zake za chini zina milimita 28 na ya juu milimita 25. Daraja la kwanza, ambalo ni la matrekta madogo, lina milimita 22 chini na 19 juu. Nimekuta plau za sahani tatu, zinazonadiwa kwa trekta la nguvu farasi 75, zikiwa na pini za milimita 22 zilizovalishwa bushi, yaani vipande vya bomba la chuma, ili zijae kwenye mikono ya trekta. Kwa zana nyepesi bushi haina ubaya, lakini kwenye plau ya ukubwa huo inaonyesha kwamba aliyeitengeneza alichukua muundo wa zana ndogo akauongezea sahani. Angalia pia matundu yenyewe: tundu lililotobolewa kwa gesi huwa na kingo zenye mawimbi, nalo hupanuka upesi kuliko lililotobolewa kwa drili.

Uzito unastahili maneno mengi zaidi, kwa kuwa hapo ndipo wanunuzi wanapopotoshwa. Plau ya kukokotwa na ng'ombe hujivuta yenyewe ardhini kwa umbo la ncha yake. Plau ya sahani haina mvuto huo. Huzama kwa uzito wake na kwa namna sahani zilivyoegeshwa, ambayo kwa kawaida ni nyuzi 42 hadi 45 kutoka kwenye mwelekeo wa mwendo, na nyuzi 15 hadi 25 za kulala kwa nyuma. Kwa hiyo muuzaji anapokuambia, "Mzee wangu, hii ni nyepesi, itakuokolea dizeli," amesema kweli, ila hakumalizia: itaokoa dizeli kwa sababu itakuwa inaparua juu juu. Plau za kubebwa, yaani zinazoinuliwa na mikono ya trekta, zenye sahani tatu mara nyingi huwa na uzito wa kati ya kilo 300 na 450, na tofauti hiyo si ndogo hata kidogo. Mwenye shamba la kichanga, ambaye hulima udongo ukiwa umelowana, hana sababu ya kulipia kilo asizozihitaji. Mwenye mbuga ambayo mwezi wa Oktoba imekauka na kupasuka nyufa anahitaji zile nzito, la sivyo atajikuta anafunga magunia ya mchanga au vipande vya chuma juu ya fremu ambayo haikutengenezwa kubeba mzigo huo, na fremu itapasuka penye mshono. Soma uzito kwenye kibao cha zana au kwenye kijitabu chake, na kama haujaandikwa popote, omba zana hiyo ipimwe mizani.

Ukifika kwenye fremu, sahau rangi. Tafuta ncha iliyo wazi au tundu la bolti upime unene wa chuma chenyewe, kwa sababu bomba la mraba lenye kuta nyembamba na lile lenye kuta nene hufanana kabisa kwa nje. Kisha kagua uchomeleaji. Mshono mzuri una mawimbi madogo yanayolingana na umeng'ata vyuma vyote viwili. Mshono mbaya umekaa juu ya chuma kama nta iliyodondoka kutoka kwenye mshumaa, una vitundu, au umechimba mfereji pembeni mwake. Lala chini umulike tochi upande ambao mteja hautazami. Zana nyingi za bei ya chini zimechomelewa kikamilifu upande wa mbele, na kwa nukta nukta upande wa pili. Ukiona rangi nene isivyo kawaida penye maungio, ijaribu kwa sumaku: ikishika kwa unyonge kuliko inavyoshika mahali pengine pa fremu hiyo hiyo, chini ya rangi kuna lipu ya kuzibia.

Kuhusu sahani, kila muuzaji siku hizi atakuambia ni za chuma cha boroni, na baadhi yao wanasema kweli. Chuma hicho kikipashwa moto na kupozwa inavyotakiwa huwa kigumu na kinastahimili mchanga, lakini ugumu hauonekani kwa macho. Ninachofanya, kwa ruhusa ya muuzaji, ni kukwangua rangi kidogo nyuma ya sahani karibu na ukingo na kupitisha tupa, kisha ninapitisha tupa hiyo hiyo kwenye fremu. Fremu ni chuma laini, kwa hiyo tupa itaila kwa urahisi. Kwenye sahani inapaswa kuteleza, au kung'ata kwa shida. Zikilika sawasawa, hiyo sahani ni bamba la kawaida lililokunjwa, na katika udongo wenye changarawe itapungua kipenyo kabla msimu haujaisha. Pima na unene pia. Sahani nyingi za plau zina inchi 26, yaani karibu sentimita 66, na unene wa takriban milimita 6. Ukipata milimita 4, umewekewa sahani ya haro.

Beringi ndizo ninazozichunguza kwa subira kuliko kitu kingine chochote, kwa kuwa ndizo zinazoamua kama zana itaishi mikononi mwa mkulima wa kawaida. Zana ikiwa imeinuliwa, zungusha kila sahani kwa mkono, kisha ishike juu na chini uitikise. Inapaswa kuzunguka bila kukwaruza na bila kucheza. Muombe muuzaji afungue kifuniko cha habu moja, ufute grisi na usome namba iliyochongwa kwenye beringi. Namba kama 30208 ni ya beringi ya koni inayouzwa katika maduka mengi ya spea. Tarakimu zake mbili za mwisho, 08, ukizizidisha kwa 5 unapata kipenyo cha ndani, milimita 40. Chukua namba hiyo uende nayo kwenye maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, au kwenye duka la spea la mjini kwenu, uulize bei na kama ipo, kabla hujalipia zana. Beringi isiyo na namba, au yenye kipimo ambacho hakuna duka linachokijua, itakulazimu kumrudia muuzaji yule yule kila inapokufa, na bei ataipanga yeye. Fanya vivyo hivyo kwa sahani: pima kipenyo cha tundu la katikati na umbali kati ya matundu ya bolti, uone kama sahani za kawaida sokoni zitaingia. Zana ya wastani ambayo spea zake zipo kila mahali ninaiona bora kuliko zana nzuri ambayo spea zake zinasubiri kontena.

Wakati grisi ingali mkononi, tazama sili, ile pete inayozuia uchafu usiingie kwenye habu. Katika udongo wa mbuga, vumbi la kiangazi huingia kwenye habu kirahisi kuliko maji, na habu isiyo na sili ya maana, au isiyo na mahali pa kupigia grisi, itamaliza beringi hata kama ni ya kiwanda mashuhuri.

Bolti husomeka kichwani. Alama ya 8.8 ni ya chuma chenye nguvu kinachofaa kwa zana, 10.9 ina nguvu zaidi, na 4.6 ni laini. Isiyo na alama yoyote ihesabu kuwa laini. Kubadilisha bolti zote za plau hakugharimu sana, hivyo kasoro hii peke yake isikufanye ukatae zana nzuri, bali uitumie kuomba upunguziwe bei. Tahadhari moja tu: bolti ya usalama, ile iliyowekwa ili ikatike zana ikigonga kisiki, isibadilishwe kwa iliyo ngumu zaidi, kwa kuwa mzigo ule utahamia kwenye fremu, au kwenye giaboksi kwa zana iliyo nayo.

Haro hukaguliwa kwa njia hiyo hiyo, pamoja na ekseli zake za mraba. Shika sahani mbili zilizo jirani ujaribu kuzizungusha kila moja upande wake. Zikicheza, nati ya mwisho haijakazwa au ekseli ni nyembamba kuliko tundu, na matundu ya mraba yatakuwa mviringo mapema. Matela ya kutengenezwa na mafundi wetu ninayaamini kuliko watu wengi wanavyodhani, kwa sharti kwamba uyaone kabla hayajapakwa rangi. Lipa malipo ya awali, kisha rudi karakana uikague mishono ikiwa wazi.

Rotaveta, zana ya visu vinavyozunguka kusaga udongo, ya bei ya chini kabisa sishauri inunuliwe. Inazungushwa na shafti ya trekta kwa mizunguko 540 kwa dakika, na kasoro ambayo kwenye plau ingekuwa kero tu, hapa huvunja giaboksi au kumjeruhi mtu. Kama huna budi, zungusha shafti kwa mkono usikilize meno ya gia, hakikisha mabomba ya shafti yanaingiliana vya kutosha zana inapoinuliwa na kushushwa, na usikubali shafti isiyo na kifuniko cha plastiki. Angalia pia oili ya giaboksi, kwa kuwa rotaveta nyingi husafirishwa zikiwa kavu.

Plau iliyotumika, ya zamani na nzito, mara nyingi inashinda mpya nyepesi ya bei ile ile. Sahani, beringi na bolti zilizochoka hubadilishwa. Fremu nyembamba haibadiliki. Kataa tu iliyopinda: pima kwa futi kamba kutoka pini ya chini ya kushoto hadi mguu wa mwisho wa sahani, ulinganishe na kipimo ambacho kijitabu au plau nyingine ya aina hiyo inakupa, na chunguza kama kuna mabamba ya kiraka yaliyochomelewa juu ya nyufa.

Wakati mzuri wa kulinganisha ni maonyesho ya Nane Nane, ambapo zana za wauzaji kadhaa husimama karibu karibu na mvua bado ziko mbali, kwa hiyo muuzaji ana muda na wewe. Kwa zana mpya kutoka nje, uliza kama imewahi kupimwa na CAMARTEC ya Arusha, taasisi ya umma ambayo majaribio ya zana za kilimo ni sehemu ya kazi zake, na uombe kuiona taarifa yenyewe. Dai risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi, yenye aina ya zana na namba yake, na masharti ya dhamana yaandikwe, kwa kuwa kwa kawaida dhamana haihusu sahani wala visu.

Siku ya kwanza shambani usianze na kazi ya mteja. Lima kipande chako mwenyewe, usimame baada ya ekari moja, ukaze nati zote na uguse kila habu kwa kiganja. Iliyo ya moto kuliko wenzake imekazwa kupita kiasi au haina grisi, na ni vizuri kumpigia muuzaji siku hiyo hiyo.