Uliza kabla hujaeleza: nilivyobadili ufundishaji wa umeme mwaka wa kwanza

Kwa miaka kadhaa nilifundisha sakiti za umeme kwa wanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa kwanza, nikiamini kabisa kuwa nafundisha vizuri. Slaidi zilikuwa safi, sauti ilifika viti vya nyuma, na wengi walikokotoa maswali ya kanuni za Kirchhoff, zile za kutafuta mkondo na volteji kwenye sakiti, bila shida. Kisha kwenye jaribio moja nikaweka swali lisilo na tarakimu: globu mbili zinazofanana zimeungwa kwa mfululizo kwenye betri moja, ipi itawaka zaidi? Zaidi ya nusu waliandika kuwa ni ya kwanza, kwa sababu inakula umeme kabla haujafika kwa ya pili. Ni hao hao ambao ukurasa wa nyuma walikuwa wamekokotoa mkondo wakapata ni ule ule mzunguko mzima, yaani globu zote mbili zinawaka sawa. Iliniuma sana.

Mwalimu mwenzangu, kama kesho unaingia kwenye ukumbi wenye watu mia tatu, naomba ujaribu hivi. Anza na swali moja la kuchagua jibu, la dhana, lisilohitaji kikokotoo. Wape dakika moja ya kufikiri kimya. Kisha kila mtu aonyeshe namba ya jibu lake kwa vidole, mkono ukiwa kifuani. Wakinyoosha juu, macho yote yatamwendea yule anayejulikana ana akili na watamfuata. Ukiona waliopata ni wachache mno, rudi ufafanue. Wakiwa karibu wote, songa mbele. Wakiwa wamegawanyika, hapo ndipo penye utamu: kila mmoja amtafute jirani aliyejibu tofauti na amshawishi. Baada ya dakika tatu, wapige kura tena. Ndipo ueleze.

Njia hii si yangu. Eric Mazur, mwalimu wa fizikia Harvard, alianza kuitumia mwanzoni mwa miaka ya 1990 baada ya kugundua jambo kama hilo kwa wanafunzi wake. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati. Kwa wastani, palipokuwa na mhadhara mtupu walifeli karibu 34 katika kila 100. Wanafunzi waliposhirikishwa, karibu 22. Kwa lugha ya wanafunzi wetu, hizo ni sapu (mitihani ya marudio) kumi na mbili zilizoepukwa.

Ubishi huo wa majirani utakuwa kwa Kiswahili. Uache. Zamani nilidai Kiingereza, ukumbi ukawa kimya kama msibani. Nilipolegeza, nikamsikia binti mmoja akimbana mwenzake: "Sasa umeme ukiliwa hapo, betri inarudishiwa nini?" Sijawahi kulieleza vizuri kiasi hicho. Wakimaliza, ninaandika istilahi za lugha zote mbili ubaoni, maana mtihani watafanya kwa Kiingereza.

Maabara nayo iguse kidogo. Watu wanane kwenye oskiloskopu moja, kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme, maana yake wawili wanashika nyaya na sita wanasubiri data za kunakili. Globu ndogo, betri na vipande vya waya vinatosha kuwaweka wawili wawili. Kabla ya kuwasha, waandike wanachotarajia: nikiunga waya mtupu kutoka ncha moja ya globu ya pili hadi ncha yake nyingine, itakuwaje? Inazimika, na ya kwanza inazidi kung'aa. Aliyeandika kinyume atauliza mwenyewe kwa nini.

Utaniambia mtaala hautaisha. Ni kweli, darasani hautaisha. Mifano mirefu ya kukokotoa niliitoa kwenye mhadhara, wanaisoma kabla ya kuja, na wengine hawaisomi. Bado nahangaika na hilo.

Ila usisahau mtihani wa mwisho. Ukiweka hesabu tupu, ndani ya wiki mbili ubishi utakufa na watarudi kukariri madesa. Mimi sasa theluthi ya maksi naiweka kwenye maswali kama lile la globu, na nawaambia hivyo siku ya kwanza.